Funga Takaba

Mtu wa kwanza kuniuliza kwa nini dunia inahitaji sheli nyingine alikuwa mama yangu. Nilipomweleza kwamba si sheli ya kuuzia petroli, aliuliza tena swali lilelile. Basi nikaketi jikoni nikaanza mwanzo. Kwenye kompyuta za kazi yetu kuna dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe vya kupendeza. Unaandika amri, unabonyeza enta, mashine inatii. Ile programu inayokaa kati yako na mashine, inayosoma ulichoandika na kukipeleka kunakohusika, ndiyo tunayoiita sheli. Zipo nyingi, za zamani na za juzi, na mimi na wenzangu tulikuwa tunatengeneza moja yenye mazuri ya zote zilizotangulia. Mama akataka kujua kama hizo za zamani zimeharibika. Nikasema hapana, zinafanya kazi. Akanitazama kidogo, akarudi kukaanga anjera zake.

Sikukasirika. Kukasirika kulikuja baadaye, na kulikuja kwa wingi.

Ofisi yetu iko Garissa, chumba kimoja chenye feni inayozunguka pale tu umeme unapopenda. Kazi yetu ni visima. Huko kaskazini kuna visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, vinavyovuta maji kwa pampu za sola, vingine upande wa Liboi, vingine mbali huko Mandera, kimojawapo nje kidogo ya Takaba. Kila kisima kina kisanduku chenye kompyuta ndogo na dishi la kupokea mtandao kutoka angani. Sisi tukiandika fungua na jina la mahali, pampu inawaka. Tukiandika funga, inazimika. Mtu akisikia hivi anadhani ni kazi ya raha.

Sababu ya kufungua pampu kutoka mbali hivyo haikuwa ya kiufundi. Pale Takaba kulikuwa na mhudumu aliyeshika ufunguo, na mhudumu huyo alikuwa na mashemeji wengi. Katika kile kiangazi kirefu tunachokiita jilaal, kila familia hunywesha mifugo kwa zamu, na zamu ikikupita unaenda nyuma ya watu wote. Mashemeji wa mhudumu hawakupitwa na zamu hata siku moja. Watu walikaribia kuchinjana. Ndipo mradi wetu wa maji ukatoa pendekezo la kuondoa ufunguo kabisa na kuendesha pampu kutoka Garissa, na watu wa kisima wakakataa, kwa kuwa hawamjui mtu wa Garissa wala hawajui ana mashemeji wangapi.

Aliyewageuza ni abti wangu, kaka wa mama. Yeye ni mfugaji wa ngamia na kisima kile ndicho anachokitegemea. Alisimama mbele yao akasema mashine haina shemeji, na kwamba aliyeketi mbele ya mashine hiyo ni mtoto wa dada yake, na likitokea baya lolote liwe juu yake yeye. Kwetu neno kama hilo ni dhamana, na mtu akiitoa mbele ya watu huishi nayo. Alinipigia simu siku hiyohiyo kunijulisha. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana jina moja, abti kwa abti, kwa hiyo aliniambia, "Abti, nimeweka jina langu chini ya mkono wako." Nilijibu kwa urahisi kwamba asiwe na wasiwasi.

Kulikuwa na jambo jingine kati yetu. Siku niliyozaliwa, abti alinifungia kitovu kwa ngamia, kama wazee wetu walivyofanya: mtoto hupewa mnyama jike mchanga, na mnyama huyo huwa wake maisha yote, yeye na uzao wake. Uzao wa ngamia wangu uliuzwa mmoja mmoja nikiwa shule hadi nikamaliza chuo, sikubakiza hata ndama. Alibaki mama mtu tu, mzee, mwenye midomo iliyolegea, akitembea nyuma ya kundi la abti. Tulikuwa rika moja mimi na yeye, ila yeye maisha yalikuwa yamemchosha zaidi. Nilikuwa nikienda kumwona kila likizo, naye hakuwahi kuonyesha dalili yoyote ya kunikumbuka.

Sasa turudi kwenye sheli. Kompyuta za visima ziliwekwa na makandarasi mbalimbali, na kila mkandarasi alikuja na sheli aliyoizoea yeye. Amri iliyokubaliwa Liboi ilikataliwa Takaba. Ukizoea mshale wa juu kukurudishia amri iliyopita, unafika kisima kingine mshale unakuandikia takataka. Tuliishi hivyo, tukilalamika kila siku, mpaka nikasema potelea mbali, naandika moja itakayofanya kazi kote. Wenzangu watatu walifurahi. Kisha kila mmoja akaleta masharti.

Mkuu wetu, bwana wa makamo kutoka ukoo wa wafanyabiashara wa mifugo wa hapahapa mjini, alitaka sheli ya zamani kuliko zote. Alikuwa ameandika faili za amri miaka na miaka, na alisema hatabadilisha hata nukta. Kila nilipomwonyesha jambo jipya alivua miwani, akaifuta, akauliza, "Na faili zangu je?" Niliota swali hilo.

Wa pili alikuwa jamaa aliyezaliwa na kukulia kambini Dadaab, aliyejifunza kompyuta kwenye kituo ambako mashine moja ilitumiwa na vijana wengi kwa zamu. Sasa alitufanyia kazi kutoka hukohuko Dadaab. Alitaka historia ya pamoja: anachoandika mmoja kwenye dirisha lake kionekane kwenye madirisha ya wote, ili ukiketi uendelee pale mwenzako alipoishia. Kuna sheli inayofanya hivyo na aliipenda kwa roho yote. Nilimwambia sisi tuna mashine zetu, hatupokezani kiti. Akasema mtu hawezi kujua.

Wa tatu alikuwa dada mmoja mhitimu, mwenyeji wa Mandera, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa vidole. Yeye alitaka mapendekezo. Unaandika herufi mbili, sheli inakisia unachotaka na kukumalizia kwa herufi za kijivu, unabonyeza mshale wa kulia, tayari. Sheli mpya zote zina kitu hicho, akasema, na isiyo nacho ni ya wazee. Mkuu aliyasikia hayo, na kwa juma zima wakawa wanasalimiana kwa adabu nyingi kupita kiasi.

Na mimi nilikuwa na langu. Umeme wa Garissa ukikatika unakuta umeandika amri ndefu hadi katikati, na yote inapotea. Nilitaka amri iliyoachwa nusu ihifadhiwe, umeme ukirudi uikute palepale. Hilo nililichukua kutoka sheli nyingine tena, na nililipenda kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa langu.

Nani alinituma kuwakubalia wote? Nilikuwa kama mtu anayeandaa arusi ambayo kila ukoo lazima upewe neno. Nikimwambia mmoja hapana, anakaa kimya siku nzima, na chumba chetu ni kidogo mno kwa kimya cha namna hiyo. Nikamwambia kila mtu ndiyo. Miezi yangu ikaishia humo, kuunganisha cha huyu na cha yule, na kila nilipounganisha viwili cha tatu kilikataa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekunja uso hadi mama anauliza nimegombana na nani. Nilikuwa nimegombana na alama ya mshangao, ambayo kwa sheli ya mkuu ilimaanisha jambo moja na kwa sheli ya dada ikamaanisha jingine, lakini jambo hilo huwezi kumweleza mama.

Jambo moja tu halikuguswa, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Sote tulitumia akaunti moja. Jina moja, neno la siri moja, la mradi mzima. Ilianza hivyo kabla sijafika, na kila mtu aliiona sawa, kama tunavyokula sinia moja bila kuuliza upande huu wa wali ni wa nani. Kwa hiyo mbele ya mashine sote wanne tulikuwa mtu mmoja.

Asubuhi moja ya jilaal tukaiachia. Tuliiweka kwenye visima vyote, na tukaiweka pia mtandaoni, mtu yeyote aichukue bure. Dada wa Mandera ndiye aliyeandika maneno ya kuitangaza: inachukua mema ya sheli zote zilizotangulia. Maneno mazuri. Mpaka leo nikiyasoma meno yanauma. Watu tusiowajua, wa nchi za mbali, walianza kutoa maoni kabla hatujamaliza chai. Wengi waliuliza swali la mama yangu, ila bila upole wake. Wachache waliisifu. Mkuu aliagiza sambusa, tukala, tukapongezana, na jamaa wa Dadaab tukamweka kwenye simu kipaza sauti kikiwa wazi ili asikie tunavyokula.

Sasa nieleze lililotokea alasiri hiyo, na nitalieleza polepole, maana nimelieleza mara nyingi kwa hasira na hakuna aliyenielewa.

Mkuu ana mazoea. Siku ambayo pampu fulani inatakiwa kufungwa jioni, yeye huiandika amri mapema. Anaandika funga takaba, habonyezi enta, anaiacha hapo kwenye skrini kama mtu anayeweka viatu mlangoni tayari kwa safari. Saa ikifika anarudi, anabonyeza. Alifanya hivyo miaka yote na hapakuwa na madhara, maana amri ile ilikaa kwenye dirisha lake peke yake. Siku hiyo pia aliiandika, adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akainuka. Tukatoka pamoja kwenda msikitini.

Lakini sheli sasa ilikuwa mpya. Jambo langu likaihifadhi amri ile nusu. Jambo la jamaa wa Dadaab likaisambaza kwenye madirisha yetu yote. Na kule Dadaab, yeye alikuwa ameshaswali na kurudi kwenye mashine yake, na tangi la Liboi lilikuwa limejaa, akataka kuifunga pampu ya Liboi. Akaandika fu. Jambo la dada likamkisia haraka, kwa herufi za kijivu, kwa amri mpya kuliko zote: funga takaba. Yeye, aliyezoea siku nzima kwamba kinachotokea ndicho anachokitaka, akabonyeza mshale, akabonyeza enta.

Takaba ikafungwa. Mamia ya kilomita kutoka hapo, katikati ya zamu ya familia moja, mbuzi nusu wamekunywa na nusu bado, bomba likakauka.

Tuliporudi kutoka msikitini tuliona, tukaandika fungua takaba mara moja. Dishi la Takaba likachagua dakika hiyo kupoteza mtandao. Sitasema nililiambia nini lile dishi, tulikuwa tumetoka kuswali. Liliporudi, jua lilikuwa limeshuka, na pampu ya sola bila jua ni chuma tu. Na mhudumu hakuwa na ufunguo wa kuwasha chochote, kwa kuwa sisi wenyewe tuliuondoa.

Simu ya abti iliita, nikaogopa kuipokea, nikaipokea. Hakufoka. Ningependelea afoke. Aliniuliza nani amefunga. Nikaanza kumweleza historia ya pamoja, mapendekezo, amri nusu, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyosikika. Akanikatiza akauliza tena, kwa Kisomali cha taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto, nani amefunga. Nikasema hakuna aliyekusudia kufunga. Akasema watu waliosimama pale hawamtazami huyo "hakuna", wanamtazama yeye.

Zamu iliyofuata, ya asubuhi, ilikuwa ya abti. Kama familia iliyokatizwa ingemalizia asubuhi, zamu zote zingesogea, na kila mtu pale alikuwa na mifugo iliyofika mwisho wa subira. Wangeanza kusukumana. Kwa hiyo abti akatoa zamu yake. Akaitoa yote, akawaambia wamalizie wao, hasara ibaki kwa aliyetoa dhamana. Kisha akachukua ngamia wake kabla ya jua kukolea, akaelekea kisima cha kuchimba kwa mkono, mbali upande wa Lafey, ambako maji yana chumvi na hutolewa kwa ndoo.

Ngamia wangu hakufika. Alilala njiani, wakamwinua, akalala tena, na mara hiyo hakuinuka. Habari hiyo hakuniambia abti. Alimpigia mama, na mama akanijia chumbani akasimama mlangoni akasema, "Yule wako amebaki njiani." Kisha akasema sasa mimi ni mwanamume asiye na ngamia hata mmoja. Hakulisema kwa ubaya, na liliniuma hivyohivyo. Nililia, tena sana, kwa ajili ya mnyama ambaye hakuwahi kunigeuzia hata sikio.

Nilikwenda kazini siku iliyofuata nikiwa na hasira ya kutosha wilaya tatu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna mwenye kosa. Mkuu alisema amefanya hivyo tangu zamani na faili zake ni shahidi. Dada akasema herufi za kijivu ni pendekezo, anayekubali pendekezo ni mtu. Jamaa wa Dadaab alikuwa kwenye simu, sauti imemlegea, akasema kwa Kiswahili chake, "Walaal, ndugu yangu, mimi nimefinya kitu imetokea. Hiyo maneno ilikuwa hapo. Bambu ya Takaba mimi sikutaka." Na mimi nikajisikia nikisema kwamba kuhifadhi amri nusu kumefanya kazi barabara. Kila kitu kilifanya kazi barabara. Hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. Kama kungekuwa na hitilafu ningeitafuta, ningeiua, ningelala.

Na huko mtandaoni, mgeni mmoja aliandika kwamba kusambaza amri zilizoachwa nusu ni ubunifu wa hali ya juu, hajaona sheli nyingine yenye kitu hicho. Nilifunga kompyuta nikatoka nje nikasimama juani.

Abti hakupokea simu zangu. Salamu zake zilikuja kupitia mama, na zilikuwa salamu kweli, za kuuliza afya, hakuna zaidi. Kupitia mama nilijua pia kwamba watu wa kisima walikuwa wakizungumza. Walisema afadhali shemeji, maana shemeji anaonekana. Kama pampu ingekatizwa hivyo mara ya pili, ufunguo ungerudi kwa mhudumu, na neno la abti pale kisimani lingekuwa halina kazi tena. Kwa mtu wa umri wake hilo ni baya kuliko kufiwa na ngamia.

Mapendekezo ofisini yalikuwa ya kuchekesha kama ningekuwa na hali ya kucheka. Mkuu alitaka tuondoe jambo la jamaa wa Dadaab. Jamaa wa Dadaab alitaka tuondoe la dada. Dada alitaka tuondoe la mkuu, na ikiwezekana mkuu mwenyewe. Kila mtu alinitaka nikate kiungo cha mwenzake. Niliwatazama nikajiuliza hawa ni watu gani. Kisha nikakumbuka, na nikazidi kuwaka, kwamba hawa ni watu waliolelewa visimani kama mimi.

Mkuu baba yake alikuwa na ng'ombe. Dada wa Mandera alichunga mbuzi kabla ya kujua kusoma. Hata jamaa wa Dadaab, mama yake alikimbia kutoka Somalia na kondoo wachache mbele yake. Wote wanajua, hakuna asiyejua, kwamba mtu akikatizwa zamu yake, ameitwa na swala au mnyama wake ametoroka, anaweka fimbo yake juu ya hori la maji anaondoka. Na hori lile haliguswi. Hakuna anayeuliza fimbo ni ya nani kabla ya kuacha kuigusa. Mifugo yako inaweza kuwa inalia kwa kiu na maji yako mbele yako, fimbo ikiwa pale unasubiri. Nimeona watu wakorofi, wezi kabisa, wakiiheshimu fimbo. Na watu haohao, wakiketi mbele ya kibodi, wanakamata amri ya mwenzao iliyoachwa nusu na kuimaliza kwa kidole kimoja.

Niliwaambia hivyo, na sikuyasema kwa upole. Nikasema sitaondoa kitu cha mtu yeyote. Faili zitabaki, historia ya pamoja itabaki, herufi za kijivu zitabaki. Lakini amri iliyoachwa nusu itakuwa na fimbo. Wengine wataiona, hawataweza kuikubali wala kuibonyeza, mpaka mwenyewe arudi au aiondoe.

Dada akauliza mashine itajuaje fimbo ni ya nani, ikiwa sote ni akaunti moja.

Basi tukaanza vita vya akaunti. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: kila mtu jina lake, neno lake la siri. Ilichukua muda kuliko kuandika sheli yenyewe. Mkuu alisema sisi ni ndugu humu, mambo ya jina langu na jina lako yataleta utengano. Dada akauliza kama nataka kujua anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Jamaa wa Dadaab, ambaye maisha yake yote amepangwa foleni na kuandikwa jina, alisema alipenda kazi hii kwa kuwa angalau humu hakuulizwa yeye ni nani. Huyo tu ndiye aliyeninyamazisha. Nilimwambia mashine haitamwuliza alikotoka, itataka kujua fimbo ni yake tu. Akafikiri, akasema, "Basi sawa. Fimbo mimi nakubali." Baada yake wengine wakaona haya kukataa.

Toleo la pili tuliliachia bila sambusa. Nilikataza. Mkuu alikaa siku nzima akijaribu kuiba amri zangu nusu, akiandika herufi moja, herufi mbili, akibonyeza mishale yote, na kila mara sheli ikamwandikia kwamba fimbo ya mwenzako iko hapa. Mwishoni alivua miwani akasema faili zake hazijaguswa, na hayo kwake yalikuwa maua ya pongezi. Wageni wa mtandaoni waliuliza neno fimbo lina maana gani kwenye mipangilio, na kwa nini tusitumie neno ambalo kila mtu analielewa. Sikuwajibu. Niliyemweleza ni mama, naye humfikishia abti kila kitu.

Zamu za Takaba zilizunguka hadi zikamfikia abti tena. Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, simu yangu iliita na jina lake likatokea. Alinisalimu kwa urefu, alhamdulillahi na alhamdulillahi, kana kwamba hatukuwahi kunyamaziana. Kisha akasema ni zamu yake, nani atakayefungua. Nikasema mimi. Akasema ngamia wako karibu kufika na watu wanajiandaa kuswali, nifungue baada ya swala, si kabla, maji yasimwagike bure. Nikasema sawa abti.

Nikaandika fungua takaba. Kidole kikaelekea enta, nikakirudisha. Ningeweza kuifuta nikaiandika upya baadaye. Sikuifuta. Niliiacha nusu, pale kwenye skrini, wote waione, nikaenda kuswali. Namwomba Mungu anisamehe swala ile, maana mwili ulirukuu na moyo ulibaki ofisini.

Niliporudi, dada wa Mandera alikuwa mezani kwake. Yeye huswali kwenye chumba cha nyuma, kwa hiyo alinitangulia. Bila kugeuka aliniambia alitaka kufungua kisima cha Liboi, akaandika fu, ikatokea yangu. "Nimeona ni fimbo yako," akasema. "Nimeandika yangu mpaka mwisho." Akaendelea na kazi.

Amri yangu ilikuwa palepale, kama nilivyoiacha. Nikabonyeza.

Muda ukapita. Dishi, kwa mara moja katika maisha yake, lilikaa kimya likafanya kazi. Kisha simu ikaita, na kabla abti hajasema neno nilisikia watu wakiwaita ngamia kwa ile sauti ya kuwanywesha, na mlio wa maji yakianguka kwenye hori la saruji.

"Maji yamefika," akasema. "Abti, uliiandika kabla ya swala?"

Nikasema ndiyo.

"Na ikakaa wakati wote huo, hakuna aliyeigusa?"

"Ameiona mtu. Hakuigusa."

Nilimsikia akimfukuza mnyama aliyesukuma wenzake. Kisha akasema kuna ndama jike pale, mama yake anakunywa sasa hivi, na amewaambia watu wote waliopo kwamba ndama huyo ni wangu. Mkuu alikuwa ananitazama, akavua miwani akaanza kuifuta.

"Na usifunge," abti akasema, "mpaka niondoe fimbo yangu."